Hodi Kila Baada ya Saa Mbili

Miaka minne walikuwa wameishi nyumba moja, mkwe na mama mkwe, na katika miaka hiyo yote hawakuwahi kukaa kochi moja. Mkwe akiingia sebuleni, mama mkwe alivuta mtandio na kukumbuka ghafla kitu alichokiacha jikoni. Mama mkwe akiingia, yeye alisimama, akasema shikamoo Mama, akaitikiwa marahaba baba, kisha akaenda kutafuta msumari wa kupigilia nje. Hawakuwa na ugomvi hata chembe. Ilikuwa heshima tu, na wote wawili walishaizoea.

Mtaani mwanamume huyu bado aliitwa Kinyozi, ingawa viti vyake viwili na kioo alishampangisha mtu mwingine tangu alipoanza mwaka wa kwanza wa uuguzi, akiwa na miaka thelathini na sita. Darasani, wenzake ambao wengi wao angeweza kuwazaa walimwita Mjomba. Alikaa mbele kwa sababu ya macho, na aliandika kila kitu, hata mkufunzi alipokohoa alikuwa kama anataka kuandika.

Basi mama mkwe akateleza bafuni, akavunjika karibu na nyonga. Alipasuliwa, akafungwa chuma, na baada ya siku tisa akarudishwa nyumbani kwenye chumba chake cha nyuma. Daktari alitoa masharti mawili. La kwanza, wiki sita asikanyage kwa mguu ule. La pili, ageuzwe kila baada ya saa mbili, maana mwili wa mtu mzima ukilalia mahali pamoja ngozi hufa. Ngozi ya chini ya mgongo ikipasuka, alisema, tutamrudisha wodini, na kwa umri wake sitaki kuwaahidi chochote.

Usiku mkewe Kinyozi alimgeuza mama yake. Mchana mke alikuwa kiwandani, kwenye mashine ya kufungasha sabuni, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi. Jirani, mama mmoja mwenye mikono mizito na moyo mwema, alijitolea kupita mchana kila baada ya saa mbili. Kinyozi mwenyewe, mtu pekee mle ndani aliyekuwa anasomea kazi hiyo hiyo, akirudi chuoni alikaa sebuleni na daftari lake. Hakuna aliyemwambia akae huko. Hapakuwa hata na haja ya kuambiwa.

Alichoweza kufanya ni kutoa maelekezo. Kila jioni alimsomea mkewe kutoka kwenye daftari: tazama pale juu ya makalio, penye mfupa, uone kama pana wekundu. Mkewe aliingia, akafunga mlango, akatoka. Hakuna wekundu, alisema. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu hakuna. Kinyozi alilala vizuri siku zote tatu, na jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote.

* * *

Siku ya mwisho ya masomo kabla ya mapumziko ya kujiandaa na mtihani wa vitendo, mkufunzi alifundisha habari za vidonda vya kulalia. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, asiyependa kurudia jambo. Aliuliza dalili ya kwanza ni ipi. Darasa zima likaimba: wekundu.

Mkufunzi akakunja mkono wa gauni lake hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha mbele yao. Akauliza ni nani kati yao aliwahi kuona wekundu kwenye ngozi kama ile. Akawaambia kitabu wanachokariri kiliandikwa na watu ambao ngozi zao hubadilika rangi wakikasirika.

"Mkisubiri wekundu, mtasubiri mpaka kidonda kiwasalimie," alisema. "Ngozi yetu mnaisoma kwa mkono. Weka nyuma ya kiganja. Pana joto kuliko pembeni? Pagumu? Pameiva weusi kuliko kwingine? Hapo ndipo. Na msipasugue. Mtu akipasugua, anamaliza kazi iliyoanzwa na godoro."

Kinyozi hakuandika. Wenzake waligeuka kumtazama, maana haikuwa kawaida yake. Alifunga daftari, akaomba ruhusa, akatoka. Njia nzima alikuwa akijisemea kwa sauti ya chini kama mtu aliyepoteza funguo.

Mkewe alipofika, hakumwacha hata avue viatu. Alimwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe namna ya kupima kwa nyuma ya kiganja. Mke akaingia, akafunga mlango. Safari hii alikawia. Alipotoka alisimama akiushika mkono wake kana kwamba ameuchovya mahali.

"Pamoto," alisema. "Kama kifuniko cha chupa ya soda hivi ukubwa wake. Pamoto, halafu pagumu."

Kinyozi akakaa kitako. Aliona aibu, aibu ya kweli kweli, ya mtu aliyetoa maelekezo kwa sauti ya kujiamini na maelekezo yenyewe hayafai. Angekuwa ameingia mwenyewe angejua. Lakini angeingiaje?

* * *

Kesho yake mke aliomba ruhusa ya wiki mbili. Msimamizi wa zamu hakumwita ofisini, alimjibu pale pale kwenye mashine, wenzake wakisikia. Siku zako zote ulizimaliza hospitali, alisema. Halafu si mnasema mume wako ni nesi? Mama mwenye mkwe nesi ndani ya nyumba anataka nini tena? Wenzake wakacheka kidogo, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mke aliirudia habari hiyo jioni huku akisugua sufuria ambayo ilishakuwa safi.

Asubuhi iliyofuata jirani akaja. Kinyozi, akiwa ukumbini, alimsikia mama mkwe akiguna, kisha godoro likilalamika, kisha mlio wa viganja vikisugua kwa nguvu. Akajua kila kitu bila kuona: anavutwa kwa makwapa, ngozi inaburuzwa kwenye shuka, na sasa mahali pale penye moto panachuliwa kwa mafuta. Akabisha mlango na kusema kwa upole kwamba tafadhali pasisuguliwe. Jirani akatoka na mikono inayong'aa. Alikuwa ameumia moyo.

"Nimekuja kwa hisani yangu, baba. Kama unajua kuliko mimi, ingia umgeuze wewe."

Akaenda zake. Nyumba ikabaki na watu wawili na mlango katikati. Kinyozi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, maana yake saa tano na dakika kumi ilikuwa inakuja na hakuna wa kuingia.

Ilipokaribia alichemsha maji, akayapooza, akayatia kwenye beseni, akachukua taulo safi. Akasimama mlangoni. Akasema Mama, samahani, naomba nikusaidie kugeuka. Sauti ikaja, ya taratibu, sauti iliyofundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja na haijawahi kuhitaji kupanda.

"Baba, ahsante. Nakuheshimu. Lakini mkwe wangu hawezi kuniona mgongo. Bora hicho kidonda."

Alirudi jikoni na beseni lake. Maji yalikuwa yakicheza-cheza na kumlowesha shati, na hakujali. Alimuelewa mama mkwe kabisa, na hilo ndilo lililomkatisha tamaa: hakuwa na hoja ya kumpinga. Hata yeye, mikono yake mwenyewe ilikuwa imeogopa pale mlangoni.

Akafungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa, kwa sababu tu hakujua la kufanya. Pale, kwa mwandiko wa mwanafunzi wa siku ya kwanza, alikuwa ameandika: Kabla ya kumgusa mgonjwa. Bisha hodi. Jitambulishe. Muulize jina lake, usimtajie. Mweleze unachotaka kufanya. Omba ruhusa. Mfunike. Wakati ule aliona ni mambo ya adabu tu, ya kujaza ukurasa kabla ya masomo kuanza. Sasa aliyasoma mara mbili. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, akavaa sare: shati jeupe lenye nembo ya chuo, suruali ya bluu, viatu vya kufunga. Akanawa mikono hadi kwenye kiwiko, akabeba beseni na taulo. Akatoka nje kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama pale pale aliposimama mwanzo.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza. Nimekuja kuhudumia mgonjwa wa chumba hiki. Naomba nisikie jina lako kamili."

Kinyozi alifikiri, amekasirika, ameniona nafanya mchezo. Alikuwa karibu kuomba radhi na kuondoka.

Ndipo mama mkwe akataja majina yake. Alitaja la kwake, la baba yake na la babu yake, wazi, moja baada ya jingine, kama mtu anayeandikishwa. Miaka kumi na moja ya ndoa Kinyozi hakuwahi kuyasikia yote matatu kwa pamoja.

"Ahsante. Unapenda nikuite nani?"

"Mwalimu," alisema. "Karibu. Umenawa mikono?"

"Nimenawa, Mwalimu."

"Nionyeshe."

* * *

Alimweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Sasa naweka mto katikati ya magoti ili mguu uliopasuliwa usivuke. Sasa nashika hili shuka dogo ulilolilalia, ndilo litakalokugeuza, mimi sitakuvuta. Tutahesabu pamoja mpaka tatu. Alimfunika kuanzia bega hadi miguu na kufunua kiganja kimoja tu cha ngozi, pale alipohitaji. Aliweka nyuma ya mkono. Pamoto, kweli. Alipapangusa polepole kwa taulo la maji, hakupasugua. Alimlaza kwa ubavu, nusu tu, mto mgongoni, ili mfupa upumzike, akaweka mto mwingine chini ya miguu hadi visigino vikaelea.

"Maji baridi," alisema Mwalimu akiutazama ukuta.

Akamwambia samahani, yamepoa jikoni. Alipomaliza alimuuliza kama ana maumivu, kama anahitaji kitu, akaweka kikombe na kengele ndogo ya baiskeli karibu na mkono wake. Mwalimu akampa alama: tano kati ya kumi. Kinyozi alitoka akafunga mlango, na ukumbini akaegemea ukuta na kucheka peke yake bila sauti, kwa furaha iliyochanganyika na woga.

Saa tano na dakika kumi, saa saba na dakika kumi, saa tisa na dakika kumi. Kila mara sare, kila mara hodi, kila mara majina matatu. Jioni mke akarudi na kukuta shati jeupe kwenye kamba, mama yake amelala ubavu na mito minne. Akamuuliza mama nani amemgeuza.

"Kaja mwanafunzi wa hospitali," mama alisema. "Kijana ana adabu. Mikono yake imezoea watu."

Mke akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari. Wakati wa kula, mama mkwe aliitikia shikamoo yake kupitia mlangoni kama kawaida, marahaba baba, na hakusema neno zaidi.

* * *

Siku zikaenda, na yule mgonjwa akaanza kuongea. Siku ya tatu alimuuliza mwanafunzi kama ana mke. Ninaye, alisema. Na mama mkwe? Ninaye pia, mtu mkali lakini wa haki. Mwalimu akaguna, na mto wa mgongoni ukatikisika kidogo, kwa kicheko pengine.

"Mimi nina mkwe humu ndani," alisema siku ya nne. "Alikuwa kinyozi, wateja wanampangia foleni. Akaacha. Eti anakwenda kukaa darasani na watoto. Kusema kweli niliona kachanganyikiwa, na nikamwambia binti yangu hivyo hivyo."

Kinyozi alikuwa akinyoosha shuka, maana kunjo dogo tu chini ya mfupa hufanya kazi ya jiwe. Aliendelea kulinyoosha.

"Labda ungemuuliza mwenyewe, Mwalimu."

"Mkwe haulizwi hayo. Nakuuliza wewe, mtu wa kazi hiyo. Mtu anaachaje mkasi?"

Basi akamweleza. Akasema anamjua kinyozi mmoja aliyeitwa nyumbani kwa mteja wake wa siku nyingi, mzee aliyelala kitandani mwezi mzima, ili amnyoe. Alipomwinua kichwa akakuta kisogoni kidonda ambacho familia nzima haikukijua. Watu walikuwa wakimpenda yule mzee, wakimlisha kwa kijiko, wakikaa naye. Hakuna aliyewaambia wamgeuze. Na kinyozi alisimama pale na wembe mkononi, hajui hata aanzie wapi.

Mwanafunzi aliweka kengele mahali pake na kuaga. Siku ile Mwalimu alimpa saba.

Siku ya tano Kinyozi alipitiwa. Alikuwa akisoma kuhusu upimaji wa shinikizo la damu, akaona saa imepita dakika kumi, akakurupuka na kandambili na fulana ya nyumbani, akasukuma mlango. Mama mkwe akavuta shuka hadi kidevuni.

"Baba, humu kuna mgonjwa," alisema bila hasira. "Anasubiri muuguzi wake. Ukimwona mwambie kachelewa."

Kinyozi akarudi kinyumenyume hadi ukumbini, masikio yakiwaka. Akavaa sare. Akanawa. Akabisha hodi, na alipoambiwa karibu akauliza jina kamili, na Mwalimu akalitaja kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Wala hakumkaripia kwa kuchelewa. Alama hakumpa yoyote.

Joto halikuondoka haraka. Siku ya sita lilikuwa lile lile, na Kinyozi alikosa hamu ya kula, akihesabu siku tatu alizopoteza kusubiri wekundu ambao usingekuja kamwe. Siku ya saba alidhani limepungua, lakini hakuamini mkono wake, maana mkono unaotaka kitu husikia kile unachokitaka. Siku ya tisa alimwomba mkewe apime kabla ya kwenda kazini, bila kumwambia yeye amehisi nini. Mke aliingia, akafunga mlango. Kinyozi alisikia kiti, kisha mkewe akilia taratibu, na kabla hajafa kwa hofu mlango ukafunguliwa.

"Pamepoa," mke alisema huku akijifuta kwa mkono wa gauni. "Sawa na pembeni. Na pamelainika."

Kinyozi akamshukuru Mungu kwa sauti, akamkumbatia mkewe pale pale ukumbini, na kutoka chumbani sauti ya Mwalimu ikauliza kama hao watu hawana kazi ya kwenda.

* * *

Mtihani wa vitendo ulifanyika wodini. Mkufunzi alisimama miguuni pa kitanda na karatasi yake. Mwanafunzi aliyetangulia alisoma jina kwenye kadi na kumuuliza mgonjwa, mzee mmoja asiyesikia vizuri, kama ndiye huyo. Mzee akasema ndiyo, kwa sababu alikuwa mtu mpole, na ilikuwa kadi ya kitanda cha jirani. Mwanafunzi huyo aliambiwa arudi mwezi ujao.

Zamu ya Kinyozi ilipofika alisimama nje ya pazia na kusema hodi. Mkufunzi akanyanyua macho, maana wanafunzi wengi hulifungua tu pazia kama la dukani. Akajitambulisha, akainama karibu na sikio la mzee, akamwomba ataje jina lake mwenyewe, akamuuliza anapenda kuitwa nani. Akamweleza, akamwomba ruhusa, akamfunika, akamgeuza kwa shuka dogo wakihesabu pamoja. Akaweka nyuma ya mkono kwenye mfupa, akasubiri. Mkufunzi akamuuliza amefanya mazoezi na nani.

"Na mwalimu mmoja," alisema Kinyozi. "Ni mkali sana wa alama."

* * *

Wiki ya sita ilipoisha, kliniki ikaruhusu mguu ukanyage. Mama mkwe akaletewa fremu ya kutembelea, na asubuhi moja, mkewe Kinyozi akiwa upande mmoja, akatoka chumba cha nyuma kwa hatua fupi fupi, akaingia sebuleni. Mtandio ulikuwa kichwani, umefungwa vizuri. Kinyozi, aliyekuwa kwenye kochi na fulana yake ya nyumbani, akasimama mara moja.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba."

Mke akaenda kuchukua mto wa kiti. Kinyozi alianza kutafuta kwa macho msumari wa kupigilia nje, kama ilivyokuwa desturi yake. Lakini mama mkwe hakukumbuka kitu alichokiacha jikoni. Alishusha mwili taratibu, akakaa mwisho mmoja wa kochi, akaweka fremu mbele ya magoti. Kisha akanyoosha kidole kwenye mwisho wa pili, mahali Kinyozi alipokuwa amekaa.

Kinyozi akakaa. Wote wawili wakatazama ukuta wa mbele.

"Kuna yule mwanafunzi wa hospitali aliyekuwa anakuja," mama mkwe alisema. "Ulimwona?"

"Nilimwona, Mama."

"Hatakuja tena, nadhani. Sikumpa alama za mwisho." Alilaza mkono juu ya fremu, mkono wa mwalimu, vidole vikiwa vimenyooka. "Ukikutana naye mwambie nimempa tisa."

Kinyozi aliendelea kutazama ukuta.

"Akiniuliza ile moja imekwenda wapi, Mama?"

"Siku ya kwanza maji yalikuwa baridi," alisema mama mkwe. "Na mwambie mama mkwe wake ana bahati."

"Nitamwambia, Mama."